Misioni kongwe ya Bagamoyo kwa anayetaka kuandaa moyo kabla ya Misa: tathmini

Wengi huja Bagamoyo kuangalia magofu. Wanaokuja kusali ni wachache zaidi, na wengi wao hufika Dominika asubuhi: wameteremka kwenye basi la kukodi dakika kumi kabla ya Misa, wana njaa, wanatokwa jasho, na ubishi wa nauli haujaisha. Kwa msafara wa namna hiyo misioni haina cha kutoa ambacho parokia ya nyumbani haina. Tathmini hii ni ya mtu anayefika Jumamosi mchana, analala hapo hapo mjini, na kuingia kanisani kesho yake akiwa ameshatulia. Kwa kazi hiyo tunalipatia eneo hili alama za juu, ingawa kuna sehemu ambazo tungemshauri azipite bila kusimama.

Sababu ya alama hizo ni jinsi eneo lenyewe lilivyokaa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walitua hapa mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, na kumbukumbu ya ujio wao ni msalaba uliosimama pwani. Kati ya msalaba huo na kanisa kuna mwendo mfupi wa miguu, sehemu yake ikipita chini ya miembe mikongwe. Ndani ya eneo kuna makaburi, groto (pango la sala) la Bikira Maria, mnara wa kanisa la kwanza la 1872, kanisa kubwa lililojengwa kati ya 1910 na 1914, na makumbusho. Kwa hiyo mtu anaweza kuanza maandalizi kwenye maji na kuyamalizia mbele ya altare bila kupanda chombo chochote. Anayeketi chumbani kujiandaa hupambana na akili yake kwa akili ile ile. Anayetembea ana miguu ya kumsaidia.

Namna ya kufika ni rahisi. Kutoka Dar es Salaam, daladala za Bagamoyo huanzia kituo cha Makumbusho, na safari ni kama kilomita 65 za lami. Anayetoka Tanga hana haja ya kwenda mpaka Dar na kurudi: anashuka Msata na kuchukua gari linaloingia Bagamoyo kwa barabara ya lami ya kilomita 64 hivi. Misioni iko upande wa kaskazini wa mji, na bodaboda au bajaji yoyote ukiiambia "misheni" inakufikisha. Lenga kufika kabla ya saa nane mchana. Ukifika jioni, kazi ya Jumamosi tunayoieleza hapa chini itakubana, na utajikuta umeiahirishia Dominika asubuhi, ambako ndiko maandalizi ya watu wengi huharibikia.

Kabla ya yote pita ofisi ya parokia. Uliza saa za Misa, saa za maungamo, na kama kuna kundi la mahujaji wikiendi hiyo, maana siku za hija ratiba hubadilika na foleni ya kitubio huwa ndefu. Kama una nia ya Misa, iandikishe hapo hapo Jumamosi. Kumfuata padre sakristia akiwa anavaa, mkononi una karatasi na noti, ni kumvuruga yeye na kujivuruga mwenyewe.

Makumbusho yamo katika nyumba ya zamani ya masista, iliyojengwa 1876. Yapange Jumamosi alasiri. Kuna waliowahi kupendekeza yatembelewe Dominika kabla ya Misa ili mtu aingie kanisani akiwa ameguswa. Hatukubaliani nao. Minyororo na habari za misafara ya watumwa iliyoishia kwenye pwani hii vinataka muda wa kuzama. Mtu aliyetoka humo nusu saa iliyopita ataketi kanisani akiwa na hasira au huzuni asiyojua aiweke wapi, na somo la kwanza litampita. Akiyaona Jumamosi, analala nayo, na asubuhi yanakuwa yameshageuka sala.

Na yana la kufundisha dhamiri, tena pande zote mbili. Wamisionari waliwakomboa watoto na watu wazima kutoka utumwani na kuwajengea kijiji cha Kikristo hapa hapa. Hilo ni jambo kubwa. Lakini waliokombolewa waliwekwa chini ya ratiba kali ya kazi, shule na sala ambayo wao hawakuichagua. Mkristo anayejichunguza mbele ya historia hii asikimbilie kuwahukumu Waarabu, Wazungu au wenye misafara wa Kinyamwezi. Swali linalofaa kwenda nalo jioni ni dogo na linauma zaidi: nyumbani kwangu, kwenye duka langu, nani anafanya kazi bila kuweza kusema hapana? Dada wa kazi anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kuhusu mbuyu wenye mnyororo ulioingia ndani ya gamba lake, usipoteze machozi. Wageni wengi huonyeshwa kana kwamba watumwa walifungwa hapo. Mnyororo huo uliwekwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanamke wa Kifaransa aliyehudumu misioni, akimfungia punda wake. Piga picha kama unataka, endelea na safari.

Sasa masomo. Hapa ndipo watu wenye bidii hujikwaa kuliko wavivu. Mtu anachukua somo la kwanza, zaburi, somo la pili na Injili, anafungua na maelezo ya chini, anasikiliza na mahubiri mawili mtandaoni, na kesho yake anaingia kanisani kichwa kimejaa, akingoja kuona kama padre atasema alichokisoma. Huyo amejiandaa kusahihisha mtihani. Utaratibu unaofaa huchukua nusu saa. Soma Injili kwanza, kwa sauti, mara moja, bila kusimama. Kisha soma somo la kwanza, kwa sababu katika Dominika za kawaida somo la kwanza huchaguliwa lilingane na Injili, na ukizisoma pamoja utaona zinapokutana. Somo la pili lina mkondo wake: hufuata waraka mmoja wiki hadi wiki, kwa hiyo usijitese kulilazimisha liingie kwenye mada ya Injili. Rudia Injili mara ya pili polepole, ukitafuta mstari mmoja unaokushika. Mara ya tatu simama kwenye mstari huo tu, uuombee, kisha nyamaza nao. Hizo ndizo ngazi nne za zamani za kusoma, kutafakari, kusali na kutazama. Andika mstari huo kwenye kikaratasi, maneno yasiyozidi kumi. Ndicho utakachobeba kesho.

Angalia pia kama umeshika masomo ya mwaka sahihi. Dominika zina mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A husomwa zaidi Mathayo, B Marko, C Luka, na mwaka mpya wa Kanisa huanza Dominika ya kwanza ya Majilio, si Januari. Kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita imewaangusha watu wengi kwenye jambo hili dogo. Na tumia kitabu cha karatasi. Biblia ya kwenye simu ni nzuri safarini, lakini saa ya sala kila ujumbe wa kikundi cha WhatsApp unapita juu ya Injili. Kama huna kingine, zima data na uiweke simu katika hali ya ndege kabla hujafungua kurasa, maana ukisema utaizima baadaye utakuwa umeshajibu ujumbe mmoja.

Mahali pazuri pa kufanya kazi hii ni groto. Lilijengwa 1876, miaka 18 tu baada ya Bikira Maria kutokea Lourdes, Ufaransa, na jioni ya Jumamosi, wageni wa makumbusho wakishaondoka, hutulia kweli. Kasoro yake ni mbu. Kuanzia saa kumi na mbili jioni vaa mikono mirefu na soksi, jipake dawa, au maliza mapema. Hakuna tafakari inayostahimili kujipiga makofi miguuni kila dakika. Historia ya malaria hapa si ya kuuliza: nenda ukasome umri wa wamisionari kwenye makaburi.

Baada ya masomo, dhamiri. Kama utaungama, usiingie foleni ukiwa bado unafikiri. Mafundisho ya katekesi yanataja mambo matano, na mpangilio wake una maana: kuchunguza dhamiri, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama, kutimiza malipizi. Wengi huruka la tatu, na ndiyo sababu ya kurudi na orodha ile ile mwezi ujao. Kukusudia maana yake ni kitu kinachoshikika: kufuta namba fulani, kurudisha fedha fulani, kutopita njia fulani. Dakika 20 za kujichunguza zinatosha. Zaidi ya hapo mtu mwenye dhamiri ya wasiwasi huanza kutunga dhambi, na mwenye dhamiri nzito huanza kujitetea. Ndani ya kitubio sema aina ya dhambi na, kwa zile za mauti, idadi kadiri unavyokumbuka, kisha nyamaza umsikilize padre. Usisimulie makosa ya mume, ya mkwe na ya mwenyekiti wa jumuiya. Hao wataungama yao.

Kuna jambo moja ambalo kitubio hakilimalizi. Mathayo 5:23-24 inasema ukikumbuka mbele ya altare kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka, ukapatane naye kwanza. Ni agizo la vitendo, na lina saa yake. Piga simu Jumamosi kabla ya chakula cha jioni. Ukingoja mpaka saa tatu usiku, mtu amelala au amechoka, hapokei, na wewe unalala na fundo. Ukituma ujumbe Dominika saa moja asubuhi, umemtupia mzigo ili wewe uingie kanisani mwepesi. Maneno yawe machache, na neno "kama" lisiwemo. "Kama nilikukosea" ni kumwambia mwenzako kwamba huna uhakika. Sema ulichofanya, omba radhi, usidai jibu. Asipopokea, umefanya sehemu yako. Jaribu tena wiki inayofuata na usimchukulie ukimya wake kuwa kosa jipya.

Chakula cha jioni kinaonekana si habari ya kiroho, lakini Bagamoyo ni mji wa samaki wa kukaanga na pweza wa barabarani, na kishawishi ni kikubwa. Kula kiasi, kula mapema, lala kabla ya saa nne usiku. Usingizi wa saa sita au saba ni maandalizi kuliko mkesha wa rozari nne unaoishia na kusinzia wakati wa mahubiri. Kabla ya kulala andaa vitu vyote: nguo iliyopigwa pasi (umeme ukikatika asubuhi hutahangaika), viatu visivyojaa mchanga, sadaka iliyochenjiwa na kutiwa kwenye bahasha, kanga au kitenge kwa anayekihitaji, maji. Ukishaandaa, chukua karatasi ya pili na uandike kila kinachokusumbua: ada, mkopo, gari, mgonjwa. Akili hukumbusha jambo lisilokamilika mara kwa mara kwa hofu ya kulisahau, likishaandikwa, hulegeza. Karatasi hiyo ibaki chumbani.

Kuhusu mahali pa kulala, chagua palipo karibu na misioni badala ya katikati ya mji, na uulize chandarua na feni kabla ya kulipa. Epuka majuma ya tamasha la sanaa la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa mjini. Ni tamasha zuri kwa wakati wake, lakini vyumba hujaa na ngoma hulia mpaka usiku wa manane. Mwezi wa Ramadhani ujue kwamba mji huu wenyeji wake wengi ni Waislamu: mama lishe wengi hawapiki mchana, kwa hiyo beba mkate na maji yako, na kulia faraghani ni heshima tu. Adhana ya alfajiri itakuamsha. Usinung'unike; ni saa nzuri ya kuanza Masifu ya asubuhi, na jirani yako ameshakutangulia kuamka kwa ajili ya Mungu.

Dominika. Kufunga kabla ya Komunyo kwa Mkatoliki ni saa moja, kwa chakula na vinywaji, isipokuwa maji na dawa (Sheria za Kanisa, kanuni 919). Wazee, wagonjwa na wanaowauguza hawabanwi nayo. Saa hiyo huhesabiwa hadi wakati wa kupokea Komunyo, si hadi wimbo wa mwanzo. Watu wengi hawalijui hili, wanashinda na njaa tangu usiku, na kwa kuwa Misa yenye kwaya mbili, matangazo na mnada wa matoleo huweza kuvuka saa mbili, kizunguzungu kinawakuta kwenye Sala ya Ekaristi. Kama afya yako haitaki tumbo tupu, kunywa kikombe cha uji na kipande cha muhogo saa mbili kabla ya Misa na uwe na amani. Kama unaweza kufunga zaidi, funga, ila usiifanye habari ya kuwasimulia wenzako.

Nenda pwani mapema, jua likiwa linachomoza au limetoka tu. Usiende peke yako gizani, na usibebe simu ya gharama wala mkoba. Watu wawili watatu wanatosha kuwa salama. Bahari ya hapa inatazama mashariki, hivyo ikifika saa mbili jua linakuwa usoni kabisa na mchanga unaanza kuwaka. Ukisimama penye msalaba anza na Zaburi 121. Ni mojawapo ya zaburi 15 za kupanda, kuanzia 120 hadi 134, ambazo kwa jadi huhusishwa na mahujaji waliokuwa wakikwea kwenda Yerusalemu, na ndizo zilizotungiwa miguu. Inaanza kwa kuinua macho kutazama milima. Bagamoyo hakuna mlima, haidhuru.

Kutoka hapo tembea kimya. Hiki ndicho kipande bora cha eneo lote, na ndicho vikundi vingi hukiharibu kwa nyimbo za kipaza sauti. Mwendo uwe wa mzee, hatua na pumzi zikienda pamoja. Rudia ule mstari wa kwenye kikaratasi: nusu ukivuta pumzi, nusu ukiitoa. Mawazo yatatoroka, na hilo si dhambi wala si kushindwa. Usigombane nayo wala usianze kujiuliza yametoka wapi. Rudi kwenye mstari. Kosa la kawaida hapa ni kuharakisha ili "kuwahi nafasi". Ukihesabu muda toka mwanzo, ukaondoka pwani walau saa nzima kabla ya Misa, hutakuwa na cha kuwahi.

Makaburini soma Zaburi 130, ile ya kulia kutoka vilindini, ambayo Kanisa limewaombea nayo marehemu kwa karne nyingi. Dakika tano zinatosha. Waliolala hapa wengi walikufa vijana, na walizikwa mbali na kwao. Waombee wao, kisha watajie Mungu majina ya wafu wako. Faida yake kwa ibada ni ya moja kwa moja: padre atakapowakumbuka marehemu katika Sala ya Ekaristi, utakuwa tayari na majina, hutaanza kuyatafuta wakati kengele imeshapita.

Mnara wa kanisa la kwanza watu husimama kuutazama kwa sababu ya David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti. Mwili wake, uliobebwa na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, alikofia Mei 1873, ulifikishwa Bagamoyo Februari 1874 na kuwekwa misioni kabla ya kuvushwa Zanzibar. Kama unataka kusimama hapo, simama kwa ajili ya wabebaji. Miezi tisa ya kutembea na maiti kwa uaminifu, bila kulazimishwa na yeyote, ina mengi ya kumwambia mtu anayeona parokia yake iko mbali. Lakini Dominika asubuhi waongoza wageni nao wameshaanza kazi, maelezo yanasikika mpaka mbali, kwa hiyo sehemu hii tunaiweka Jumamosi.

Kama una watoto, punguza yote tuliyosema. Mtoto wa miaka sita hawezi ukimya wa dakika 40, na mzazi anayemlazimisha hufika kanisani akiwa na hasira kuliko alipoondoka nyumbani. Mpe Zaburi 131 groto: ina mistari mitatu tu, na inamtaja mtoto aliyeachishwa kunyonya akiwa ametulia na mama yake. Mwambie kitu kimoja cha kusikiliza kwenye Injili, labda jina la mtu au mnyama atakayetajwa, akakuambie baada ya Misa. Apite msalani kabla ya kuingia. Biskuti zibaki kwenye mkoba mpaka nje.

Fika mlangoni ukiwa na dakika 15 hadi 20. Soma Zaburi 122, "Nalifurahi waliponiambia, na twende nyumbani kwa Bwana," kisha ingia. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Roma, namba 45, unasifu ukimya kanisani, sakristia na maeneo ya jirani hata kabla ya adhimisho kuanza, ili wote wajiweke tayari kwa matendo matakatifu. Katika hali halisi ya parokia nyingi za kwetu, na za pwani nazo zimo, dakika hizo ndizo za kwaya kujaribu kinanda, mtu wa mitambo kuhesabu "moja, mbili" na marafiki kuulizana hali. Usiwakunjie uso. Kaa mbali na spika, upande wenye dirisha lililo wazi, kwa sababu joto la Bagamoyo husinzisha hata mwenye nia njema. Masika, kati ya Machi na Mei, unyevu huzidi na barabara za mchanga hugeuka tope. Mwezi wa Juni hadi Agosti ndio wenye hewa inayovumilika.

Wanakwaya wana shida yao ya pekee, na misafara ya kwaya ndiyo mingi hapa. Anayeimba hana dakika 15 za kukaa kimya kama kwaya yake inafanya mazoezi mlangoni mwa Misa. Dawa ni kwa mwalimu wa kwaya: nyimbo zikamilike Jumamosi, sauti zipashwe moto nje ya kanisa na mbali na mlango, na wimbo ambao haujashikika uondolewe kwenye orodha. Wimbo mpya wa kuwashangaza wenyeji huwafanya waimbaji 30 wamfikirie mwalimu badala ya Mungu, na wenyeji hawashangai.

Ukishaketi, fanya mambo matatu tu. Msalimu Yesu aliye katika tabernakulo. Sema nia moja unayoleta kwenye Misa hii, moja, kwa maneno ya kawaida. Kisha kumbuka mstari wako, na umwambie Mungu kwamba uko tayari kuuacha kama ana neno lingine. Hilo la mwisho ni la muhimu kwa mtu aliyejiandaa vizuri, maana kuna watu ambao maandalizi huwafanya viziwi. Paulo anaposema katika 1 Wakorintho 11:28 mtu ajihoji mwenyewe, anaendelea papo hapo: na hivyo aule mkate. Kujihoji kunaishia mezani.

Wasomaji wa KKKT na Waanglikana wanaweza kutumia sehemu kubwa ya utaratibu huu bila kubadili kitu. Msalaba, miembe na zaburi havina dhehebu. Kanisa la Anglikana liko upande wa mji mkongwe, karibu na pwani, kwa hiyo matembezi ya huko huanzia mchangani vile vile, ila ni mafupi zaidi. Masharti ya kufunga na ya kitubio yafuatwe ya kanisa lako.

Nani asije? Anayesafiri na kundi la watu zaidi ya 40 kwa siku moja. Kundi kama hilo linahitaji kiongozi wa mafungo, mahali pa kivuli palipoombwa kabla na chakula kilichoagizwa. Bila hayo, muda wote huishia kwenye kuhesabu watu na kutafuta waliopotelea kwenye maduka ya vinyago. Kama kundi ni lenu na hamuwezi kulipunguza, andikeni barua parokiani wiki kadhaa mapema mkitaja idadi, siku, na kama mnahitaji padre wa maungamo. Kwa watu 40, padre mmoja akichukua dakika tano kwa kila mmoja anahitaji zaidi ya saa tatu. Ombeni wawili, au wengine waungame kwao kabla ya kuondoka.